Je, kweli seli za saratani hukataa kufa?

SWALI: Daktari, shikamoo. Mimi ni mwalimu wa sekondari, Sengerema. Mpwa wangu wa miaka 6 alianza kwa meno ya nyuma kulegea. Tukadhani ni meno ya utoto tu, lakini ndani ya wiki tatu taya likavimba. Hospitali ya rufaa walichukua kinyama, majibu yakatoka kwamba ni saratani ya Burkitt. Daktari wa zamu alitueleza kuwa “seli zake zimekataa kufa”. Neno hilo halijaniacha hadi leo. Nafundisha biolojia, ila vitabu vyetu vinaligusa jambo hili kwa mstari mmoja na kupita. Je, kuna jeni inayoiamuru seli ife? Kama ipo, kwa nini isiwashwe tu kwa dawa, au hata kwa mitishamba? Mtoto amepata dozi mbili na uvimbe umekwisha kabisa, sasa babu yake anauliza kuna haja gani ya kurudi. Na wadogo zake, je, wamerithi?

JIBU: Marahaba, Mwalimu. Poleni kwa kuuguza.

Nianze na swali la babu, maana ndilo lisiloweza kungoja. Mtoto arudi hospitali kwa tarehe aliyopangiwa, hata kama shavu limekuwa shavu tena na anakimbiza kuku uani. Sababu yake imo ndani ya hayo hayo uliyouliza kuhusu jeni, na nitaifikia. Ukifika hapo utakuwa na la kumweleza mzee.

Sasa lile neno la daktari wa zamu. Kwa saratani nyingi ni neno la kweli. Kwa Burkitt ni nusu ya ukweli, na mimi ambaye kazi yangu ni kuangalia vinyama vya namna hiyo kwenye hadubini nisingependa uendelee kulala nalo lilivyo.

Tunapokipaka rangi kipande cha uvimbe wa Burkitt na kukitazama kwa ukuzaji mdogo, tunaona uwanja mzima wa bluu iliyokoza. Hizo ni seli za saratani zilizobanana, viini vyake vimekunywa rangi. Katikati ya bluu hiyo kumetawanyika madoa meupe, hapa moja, pale moja. Wanapatholojia wa dunia nzima huiita picha hiyo mbingu yenye nyota. Kila nyota ni makrofaji, yaani seli mlaji, iliyotuna kwa sababu imejaa mabaki ya seli za saratani zilizokufa. Mwanafunzi akija maabara kwangu humwambia azihesabu kwanza nyota kabla ya kuniambia lolote kuhusu ile bluu. Ni makaburi yale. Na seli zilizozikwa humo zilikufa zenyewe, mtoto akiwa bado hajatundikiwa dripu hata moja ya dawa.

Kwa hiyo seli za Burkitt zinakufa, tena kwa wingi kuliko za saratani nyingine nyingi. Balaa lake ni kwamba zinazaliwa kwa kasi kubwa zaidi: uvimbe huu unaweza kuwa maradufu kwa siku moja au mbili, na hakuna uvimbe wa binadamu unaojulikana kuupita kwa mbio. Ndiyo maana taya la mpwa wako lilifura ndani ya wiki tatu. Lakini saratani ambayo seli zake zinaishi ukingoni namna hiyo, mguu mmoja ukiwa tayari hewani, huangushwa na msukumo mdogo. Hilo ndilo daktari wa zamu hakupata nafasi ya kuwaambia.

Umeuliza kama jeni ya kufa ipo. Zipo, tena nyingi, na zimo katika kila seli yako yenye kiini, hata sasa unaposoma.

Mwaka 1972 wanapatholojia watatu, John Kerr, Andrew Wyllie na Alastair Currie, waliandika kwamba kuna kifo cha seli kisicho cha ajali. Walikuwa wanafanya kazi Aberdeen, Uskoti, wakamwomba mwalimu wa Kigiriki wa chuo chao awatafutie jina. Akawapa apoptosisi, neno ambalo Wagiriki walilitumia kwa majani yanapoanguka mtini. Sisi tunalo letu ambalo halihitaji maelezo: kupukutika. Nitalitumia hapa, na ningefurahi likiingia darasani kwako.

Seli iliyoungua moto au kuumwa na nyoka hufa kwa kuvimba na kupasuka. Uchafu wake humwagikia majirani, eneo zima linakuwa jekundu, linauma, pengine linatunga usaha. Kupukutika ni kinyume chake. Seli hunywea, DNA yake hukatwa vipande vipande, utando wake hujikunja kuwa vifuko vidogo vidogo, na juu ya kila kifuko hutokeza aina fulani ya mafuta ambayo katika seli nzima hukaa upande wa ndani. Makrofaji ikiyagusa mafuta hayo inajua kwamba hiki ni cha kuliwa. Baada ya saa chache hakuna alama. Hakuna homa wala uvimbe, na majirani hawakusikia kitu.

Mwili unahitaji jambo hili tangu tumboni. Mkono wa kijusi huanza kama mguu wa bata, na vidole huachana kwa sababu seli zilizokuwa katikati yake zimepukutika. Mkia wa kiluwiluwi unapotea kwa njia hiyo hiyo anapogeuka chura. Hilo unaweza kuwaonyesha wanafunzi kwenye ndoo ya maji ya bwawa, bila maabara yoyote. Na katika tezi ya thaimasi, nyuma ya mfupa wa kifua, chembe nyeupe changa ambazo zingekuja kuushambulia mwili wenyewe hupukutishwa kabla hazijatoka kuingia kwenye damu.

Lakini nani anatoa amri? Jibu lilitoka kwa mnyoo wa udongoni mwenye urefu wa milimita moja, Caenorhabditis elegans. Mwili wake unapita mwanga, hivyo John Sulston aliweza kukaa na hadubini na kuifuatilia kila seli tangu yai. Kwa mnyoo wa jinsia mbili alihesabu seli 1,090 za mwili zinazozaliwa, na 131 kati yake zinakufa, kila mara zile zile na kwa saa ile ile, mpaka zinabaki 959. Kifo chenye ratiba namna hiyo lazima kimeandikwa mahali. Robert Horvitz na wanafunzi wake wakakitafuta kwenye jeni. Walipoharibu jeni mbili, ced-3 na ced-4, zile seli 131 hazikufa. Kisha wakakuta ya tatu, ced-9, na hii ilikuwa na tabia ya kinyume: ikiharibika, seli zilizopaswa kuishi nazo zinakufa na kizazi cha mnyoo kinakwisha. Sulston, Horvitz na Sydney Brenner, yule mzaliwa wa Afrika Kusini aliyemchagua mnyoo huyo kwanza, walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2002.

Hiyo ced-9, Mwalimu, ikae kichwani. Inatuambia kwamba mitambo ya kufa haisubiri kujengwa pale inapohitajika. Imeshategwa. Seli inaishi kwa kuwa kuna kitu kinazuia mtego usifyatuke.

Sisi binadamu kizuizi hicho tunakiita BCL2, na kilipatikana kwa njia nyingine kabisa, ndani ya saratani. Katikati ya miaka ya 1980 Yoshihide Tsujimoto na Carlo Croce, huko Philadelphia, walikuwa wanachunguza limfoma ya vifundo, saratani ya tezi inayowapata watu wazima na kwenda taratibu. Walikuta kipande cha kromosomu ya 18 kimehamia kwenye ya 14, na jeni iliyokuwa pale panapoungana wakaipa jina la BCL2. Siku hizo jeni ya saratani ilimaanisha kitu kimoja tu, jeni inayoikimbiza seli izaliane. Wote walitarajia BCL2 nayo iwe hivyo. Mwaka 1988 David Vaux, Suzanne Cory na Jerry Adams, Melbourne, waliipandikiza katika seli za damu, kisha wakaziondolea homoni inayozilisha. Seli za kawaida zikafa. Zenye BCL2 hazikuzaliana, ila hazikufa pia. Zilikaa tu, siku baada ya siku. Kwa mara ya kwanza ikaonekana kwamba saratani inaweza kuanzia kwa seli kushindwa kuondoka. Mwaka 1992 BCL2 ya binadamu ikatiwa ndani ya mnyoo, na seli za mnyoo zilizokuwa zimeandikiwa kufa zikaokoka. Nimewasimulia watu habari hii mara nyingi sana na bado inanisisimua. Sisi na mnyoo yule tuliachana mamia ya mamilioni ya miaka iliyopita, na kizuizi ni kile kile.

Sasa kinafanyaje kazi? Fikiria ugomvi sokoni. Kuna vijana wawili wenye hasira, protini za BAX na BAK, na ukuta wanaotaka kuutoboa ni wa mitokondria, kiwanda cha nishati cha seli. Wapo wazee wamewakumbatia kwa nyuma wasifike ukutani: BCL2, na nduguze BCL-XL na MCL1. Wakati wote mambo yako hivyo, vijana wanafurukuta, wazee wameshika. Seli ikipatwa na tatizo kubwa, kwa mfano DNA yake ikikatika pasipoungika, inaita kundi la tatu, protini fupi zinazoitwa BIM, PUMA na NOXA. Hizi hujitia mikononi mwa wazee, mahali pale pale walipokuwa wamewashika vijana. Mikono ya mzee ikijaa, kijana anaponyoka. Ukuta wa mitokondria unatobolewa, inavuja protini ya saitokromu c, ambayo kazi yake ya kila siku ni kusaidia kutengeneza nishati. Ikiwa nje ya mitokondria huungana na APAF1, ambayo ndiyo ced-4 yetu, na kwa pamoja huamsha kaspasi, vimeng'enya vya kukata protini. Hizo ndizo ced-3 zetu. Kaspasi zikishaamka, kurudi nyuma kunakuwa kugumu mno.

Anayewaita BIM na wenzake ni nani? Waitaji ni wengi, lakini mkubwa wao ni TP53. Protini yake, p53, hukagua hali ya DNA. Uharibifu ukiwa mdogo huisimamisha seli ijikarabati. Ukiwa mkubwa humwita PUMA. Jeni hiyo imeharibika katika karibu nusu ya saratani zote za binadamu. Tembo wetu wa Afrika, mwenye seli nyingi kuliko sisi mara nyingi na maisha marefu, ana nakala zipatazo 20 za jeni hii, moja kamili na nyingine zilizopunguka, na saratani kwake ni nadra. Mwaka 2015 ilionyeshwa kwamba seli zake, DNA ikiharibiwa, hupukutika upesi kuliko za mtu. Ukiwapeleka wanafunzi Serengeti, wape habari hiyo.

Turudi kwenye taya la mtoto.

Saratani yake inatokana na chembe nyeupe aina ya B, zile zinazotengeneza kingamwili. Ndani ya chembe moja tu, kipande cha kromosomu ya 8 kilichobeba jeni ya MYC kilikatika na, kwa wagonjwa walio wengi, kikaunganishwa kwenye kromosomu ya 14, katikati ya jeni za kingamwili. Kwa chembe B hapo ni mahali pasipolala, maana kutengeneza kingamwili ndiyo kazi yake. MYC ni jeni ya kuisukuma seli ikue na kugawanyika, na kwa kawaida huwashwa kidogo na kuzimwa. Ikihamia mtaa ule haizimwi tena.

Kwa nini ikatike? Hapa ndipo ugonjwa huu ulipo wa kwetu. Denis Burkitt, daktari mpasuaji kutoka Ireland aliyekuwa Hospitali ya Mulago, Kampala, aliuandika mwaka 1958 baada ya kuona watoto wenye mataya kama ya mpwa wako. Mwaka 1961 yeye na wenzake wawili walipanda gari wakazunguka Afrika Mashariki hadi kusini kiasi cha kilomita 16,000, hospitali kwa hospitali, wakiuliza kama watoto wa namna hiyo wanaonekana. Ramani waliyorudi nayo ilifuata joto na mvua, na baadaye ikaeleweka kuwa ni ramani ya malaria kali: kanda ya Ziwa yote, Mwanza na Mara, Nyanza ya Kenya, Uganda, pamoja na pwani. Malaria ya falsiparamu inayomrudia mtoto mara kwa mara huzichokoza chembe B, na huamsha ndani yake kimeng'enya kinachokata DNA ili kuboresha kingamwili. Kimeng'enya hicho mara chache hukata pasipostahili. Mwenzake malaria ni kirusi cha Epstein-Barr, kilichoonekana kwa mara ya kwanza London mwaka 1964 katika seli za uvimbe zilizosafirishwa kutoka Uganda. Karibu kila mtoto wa kwetu huambukizwa kirusi hicho angali mdogo, kwa mate tu, na wengi mno hawapati lolote. Katika Burkitt ya kanda yetu kinakutwa ndani ya seli karibu kila mara.

Na sasa lile ninalotaka ulishike kuliko yote. MYC ina sura mbili. Inasukuma seli izaliane, na papo hapo inazisogeza jeni za kufa karibu: inamwita BIM, inamwamsha p53. Huu ni ulinzi wa zamani wa mwili. Seli inayokimbia bila kutumwa hukimbia ikiwa imebeba kifo chake mgongoni. Ili Burkitt iweze kuwa uvimbe, lazima ulinzi huo ulegezwe mahali. Kirusi cha Epstein-Barr husaidia kwa kumnyamazisha BIM. Katika baadhi ya uvimbe TP53 imeharibika. Katika mwingine MYC yenyewe imebadilika herufi chache, ikabaki na uwezo wa kusukuma lakini haimwiti BIM tena. Kila moja ya njia hizo ni kiraka. Zinaipa saratani nafasi ya kupita, ila mtego wenyewe haujateguliwa. BAX yupo, kaspasi zipo, na wazee wanaoshika ni wachache kwa sababu seli ya Burkitt haina BCL2 ya maana. Hilo tunalitegemea kila siku katika kazi yetu: tukiweka rangi ya kutambua BCL2, kinyama cha Burkitt kwa kawaida hakishiki rangi. Tukiweka ya kutambua seli zinazogawanyika, zinashika karibu zote.

Ilinganishe na limfoma ya vifundo niliyoitaja. Ile imejaa BCL2, inakwenda polepole, dawa huipunguza, na baada ya miaka inarudi tena. Hii ya mtoto wenu inatisha kwa mbio zake, lakini huondoka, na ikiondoka kweli haina kawaida ya kurudi uzeeni. Burkitt mwenyewe aliona Kampala watoto ambao uvimbe wao uliyeyuka kwa dozi chache tu za dawa moja, wakati ambapo mahali pengi duniani saratani ya mtoto ilikuwa ni habari ya kuandaa sanda. Leo katika nchi zenye uwezo hupona watoto takriban 9 kati ya 10. Kwetu wanapona wachache kuliko hapo, na sababu zinazotuumiza zaidi ni mbili: kufika tukiwa tumechelewa, na kuacha matibabu katikati.

Dawa alizopewa, pengine siklofosfamidi na vinkristini, haziiui seli kwa mkono wake zenyewe. Moja huvuruga DNA, nyingine huvuruga nyuzi zinazotenganisha kromosomu seli inapogawanyika. Seli hugundua kwamba imeharibika, na mtego wake wenyewe ndio unaofyatuka. Kwenye Burkitt hilo hutokea kwa seli nyingi mno kwa mara moja, kiasi kwamba potasiamu na asidi ya yuriki zinazomwagika zinaweza kuziba figo na kuuvuruga moyo. Kama mliona siku za mwanzo mtoto anawekewa maji mengi ya dripu, anapewa vidonge vya alopurinoli na mkojo wake unapimwa usiku na mchana, sababu ilikuwa hiyo.

Nimefika kwa babu. Dozi mbili zimeondoa seli zilizokuwa rahisi kuondoka. Uvimbe usioonekana kwa jicho wala kushikika kwa mkono bado unaweza kuwa na mamilioni ya seli, na zilizobaki hazikubaki kwa bahati. Nyingi ni zile zenye kiraka kizuri zaidi: TP53 iliyoharibika, MYC isiyomwita BIM. Zikishambuliwa tena kabla hazijapumua, kwa dawa kadhaa zinazoingia kwa milango tofauti, kwa kawaida nazo huanguka. Zikipewa mwezi mmoja wa likizo, piga hesabu ubaoni: seli moja inayokuwa mbili kila siku, baada ya siku 30 ni zaidi ya bilioni moja. Na watakaorudi ni wazao wa zile sugu, kwa hiyo dawa zilizoyeyusha taya kwa wiki moja zinaweza zisifue dafu mara ya pili. Ugonjwa ukirudi, mara nyingi hurudi ndani ya mwaka wa kwanza.

Liko na jambo la sindano ya mgongoni, ambayo najua familia nyingi huikimbia. Burkitt hupenda kujificha kwenye maji ya ubongo na uti wa mgongo, na dawa nyingi za mshipani hazifiki huko kwa kiwango cha kutosha. Ndiyo sababu dawa inapelekwa moja kwa moja. Haimlemazi mtoto. Inafuata seli mahali zilipojificha.

Kuhusu kuwasha jeni ya kufa kwa dawa, wazo lako si la ndotoni. Mwaka 2016 Marekani iliidhinisha venetoklaksi, dawa iliyochongwa ifanane na zile protini fupi: inakaa mikononi mwa BCL2, na BAX anaponyoka. Kwa saratani ya damu ya wazee yenye BCL2 tele inafanya kazi ya ajabu. Kwa mpwa wako haina maana kubwa, kwa kuwa mzee wa kuachanishwa mikono karibu hayupo. Na hapo uone ugumu wa jambo lenyewe: mtego huu umo katika utumbo, uboho, moyo na ubongo wa mtoto huyo huyo. Dawa iliyotangulia venetoklaksi ilimgusa pia BCL-XL, na chembe sahani, zile zinazogandisha damu, zikashuka, kwa sababu zinaishi kwa hisani ya BCL-XL. Nywele zinazotoka na vidonda vya mdomoni ni mtego kufyatuka katika seli zisizo na hatia. Kuuwasha ni rahisi. Kuuwasha kwenye seli ya saratani peke yake ndiko kunakohitaji akili.

Kwa mitishamba nitasema wazi. Utasoma kwamba mzizi fulani au jani fulani “huua seli za saratani maabara”. Huenda ni kweli, kwa sababu ndani ya kisahani cha maabara hata sabuni huua seli za saratani. Swali ni kama kitu hicho, kikinywewa, kinafika kwenye uvimbe kwa kiwango cha kutosha bila kuliharibu ini. Siidharau mimea. Vinkristini inatoka kwenye ua la waridi au jeupe lenye petali tano, asili yake Madagaska, ambalo huenda limepandwa hata mbele ya ofisi ya shule yako. Lakini msichume na kuchemsha. Ni sumu, na kati ya dozi inayoponya na ile inayoua neva za mtoto pana nafasi ndogo sana, ndiyo maana hupimwa kwa miligramu na kupitishwa mshipani tu. Mkimpa dawa nyingine yoyote nyumbani, mwambieni daktari wake hata kama mnaona aibu, maana vingine huingilia kazi ya dawa ndani ya ini.

Wadogo zake hawakurithi. Kuhama kwa MYC kulitokea katika chembe B moja ya kaka yao baada ya kuzaliwa. Hakumo katika yai wala mbegu, na mama yake hakufanya kosa lolote. Hilo mwambieni dada yako kwa mdomo, kwa sababu huenda analibeba kimyakimya. Hawahitaji kipimo cha jeni. Wanachokihitaji ni kulala ndani ya chandarua chenye dawa, na homa zao zipimwe malaria na kutibiwa mpaka mwisho wa dozi. Na kwa kuwa wewe ni mwalimu, chunga hili kwa watoto wote wa kijiji: mtoto wa miaka 5 au 6 huanza kung'oka meno ya mbele. Magego yakilegea katika umri huo, au jicho likianza kutokeza, au tumbo likajaa ndani ya siku chache, asingojewe wiki tatu. Apelekwe juma hilo hilo, na mumwambie daktari mmetoka kanda ya Ziwa.